Chafya Haikuwa Yangu

Kogo,

Sikuandikii, nyanya yangu, ili kukusalimia. Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima na hofu yao ni kwa yule anayeandikiwa. Mimi sina hofu nawe. Umelala kule juu ya shamba karibu na ua, na mvua za mwezi huu zimekuoteshea nyasi nzuri kuliko zile wanazokula ng'ombe wetu.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Ulikikataa maisha yako yote, ukisema ni lugha ya manyapara wa mashamba ya Wazungu, lugha ya kufokewa. Basi tafuta huko uliko mtu wa kukusomea. Nilikusomea barua za watu miaka mingi, na zamu yangu imekwisha.

Mwaka mmoja na miezi miwili imepita tangu tukuzike, na sijaja kaburini hata siku moja. Shangazi Ester, binti yako, ndiye anayeng'oa magugu. Akiniuliza kwa nini siendi, namwambia kazi ni nyingi kituoni. Ni uongo, na wewe ndiye uliyenifundisha kuusema bila kupepesa macho.

Hadithi yangu ulikuwa ukiisimulia wewe siku zote. Leo nitaisimulia mimi, nawe utanyamaza.

Nilizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana nikaitwa Kiprop. Siku chache baadaye wanawake wakakusanyika nyumbani mwako kuniita jina la pili, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto huwekewa ugoro kidogo puani, kisha majina ya wafu wa ukoo yanatajwa moja moja, na jina litakalompigisha chafya ndilo la aliyerudi. Wewe ndiye uliyekuwa umenipakata, wewe ndiye uliyekuwa ukitaja. Ulipofika kwa Mitei, mume wako aliyekuwa amekufa miaka miwili kabla, chafya ikasikika, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee amerudi. Hivyo ndivyo ulivyonisimulia, nami niliamini kama ninavyoamini kwamba chai ni kijani.

Na kwa kuwa mimi nilikuwa Mitei, nililelewa kama Mitei. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo hapakuwa na wa kukuzuia. Mitei alikuwa wa mkono wa kushoto, basi wakati wa kula ulikuwa unanifunga mkono wa kulia kwa kitambaa mpaka nikazoea. Shuleni mwalimu akanichapa kwa kutumia kushoto, mpaka nikaacha. Hadi leo naandika kwa kulia na kula kwa kushoto. Mitei hakula maboga, basi wenzangu walikula maboga nami nikaangalia. Mitei alikuwa amewahi kuchukuliwa na maji ujanani, basi nikaambiwa naogopa mto, nami nikauogopa kwa bidii. Ulinipa kikombe cha kwanza cha maziwa mbele ya watu wazima. Uliniita "mzee wangu" na ukacheka peke yako.

Sisemi sikufaidi. Nilipovunja kibuyu chako kizuri, aliyechapwa ni binamu yangu aliyekuwa amesimama karibu, kwa sababu nani angethubutu kumpiga Mitei? Nilikuwa na miaka sita. Nilijua nimekosea, nikakaa kimya kwenye kigoda cha babu, miguu haifiki chini.

Lakini Baba, Kogo. Tumfikie Baba.

Mwanao aliniita "Baba". Sikumbuki siku hata moja aliponiita mtoto. Hakuwahi kunibeba mabegani; mtu angembebaje baba yake mzazi? Nilipofaulu mtihani wa darasa la saba alinipa mkono, akainamisha kichwa. Nilipotaka kuoa nilimwendea kumwomba ushauri, nikiwa nimejiandaa kwa siku tatu jinsi ya kuanza. Alicheka kwa haya akasema mimi ndiye niliyemfundisha mambo hayo, atanishauri nini? Nikarudi nyumbani bila neno la kwenda nalo. Watu walinionea wivu kwa heshima niliyokuwa nayo mbele ya baba yangu, na mimi nilikuwa nawaonea wivu wale waliokuwa wakitukanwa na baba zao kwa kupoteza ndama.

Siku aliyokufa ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Alifungua macho, akaniona, akasema, "Baba, umekuja." Kisha akaenda. Nilishika mkono ule nikifikiri angalau ameniona mimi mwisho. Nilishikilia maneno hayo mwaka mzima.

Ndipo ukafungua mdomo wako.

Unakumbuka ulivyokuwa? Saa nane mchana, umekaa nje juani, shuka magotini, nami nimekuletea mursik, maziwa yako ya mgando, kwenye kile kibuyu kidogo. Mchungaji alikuwa amekuja asubuhi ile kukuandaa kwa ubatizo. Ulikuwa mzee, meno yamebaki manne, ukaamua kwamba sasa utaingia mbinguni msafi. Ukaniambia, "Kaa hapo. Ile siku ya jina, si wewe uliyepiga chafya. Ni mimi."

Nilidhani unatania. Ukaendelea bila kunitazama. Nyumba ilikuwa na moshi, mvua imewabana wanawake wote ndani, mtoto amefunikwa kwenye mapaja yako. Ulikuwa umeshataja majina tisa na mtoto amelala tu. Wanawake walitaka kwenda kukamua. Ugoro ulikuwa kwenye vidole vyako, ukajifuta uso kwa sababu ya moshi, na ulipolitaja jina la mume wako pua yako ikakusaliti. Chafya ndogo. Wenzako waliisikia ikitoka upande wa mapaja yako, na kabla hujasema lolote vigelegele vikaanza.

Ungesema wakati ule. Neno moja tu, wanawake wangecheka na kuendelea na jina la kumi na moja. "Nilikuwa namtaka arudi," uliniambia. Kisha ukanywa mursik yako yote, ukaniuliza kama imebaki nyingine.

Nilikwenda kukuletea, Kogo. Hilo ndilo linaloniuma. Nilisimama nikaenda kukuletea maziwa mengine, kwa mkono wa kushoto.

Jumapili ukabatizwa. Ukavaa kitambaa cheupe, ukaimba kwa sauti kuliko kwaya. Baada ya majuma sita ukafa. Wewe ulitua mzigo ukaenda zako mwepesi, nami nikabaki nao kichwani bila kata.

Na kwa nini hukusema Baba akiwa hai? Ulikuwa na miaka thelathini na moja ya kusema. Angeweza kuniita mtoto wake hata kwa siku moja. Hata kwa asubuhi ile moja. Sasa ile "Baba, umekuja" alimwambia nani? Mitei hakuwepo. Mimi hakuniona. Baba yangu alikufa akiagana na mtu ambaye hakuwa chumbani, nami nimeketi palepale nimemshika mkono.

Nakueleza yaliyonipata baada ya hapo, maana nasikia wafu hupenda habari.

Unajua kazi yangu, ukarani wa kituo cha kununulia majani chai hapa mlimani kwetu, upande huu wa Kabianga. Wakulima humwaga majani mezani nami napekua. Majani mawili na chipukizi yanapita, jani gumu linatoka, na mwenye kikapu ananuna. Basi siku moja, lori limechelewa na kituo kitupu, nilijimwaga mimi mwenyewe pale mezani. Mkono wa kushoto ni wa Mitei, toa. Kuogopa mto ni kwa Mitei, toa. Kigoda cha babu, toa. Nina kumbukumbu moja niliyoipenda kuliko zote: nimesimama na fahali mwekundu penye udongo wa chumvi, namkuna shingo, ana joto. Nimeiona wazi tangu utotoni na siku zote nilijua ni ya maisha yangu ya kwanza, kabla sijafa. Hiyo nayo ni wewe uliyeniingizia kwa hadithi zako. Toa. Nilitoa na kutoa mpaka nikaogopa kuendelea, kwa sababu meza ilikuwa karibu kubaki wazi.

Nikaanza kupima. Nilishuka mtoni na kuingia mpaka kiunoni. Nilitetemeka, lakini maji ya huku humtetemesha yeyote, sikupata jibu. Nikamwambia mke wangu Chelangat anipikie boga. Nilikula lote. Kogo, nina zaidi ya miaka thelathini na nimegundua kwamba napenda maboga. Lakini siku ya pili nikajiuliza, je, nayapenda au nayapenda ili kukukomoa? Na anayekomoa ni nani? Chelangat alinikuta nimekodolea sahani, akaichukua akawapa kuku maganda.

Likanijia wazo baya zaidi. Labda ulidanganya siku ile ya mursik. Ulikuwa mzee, umetishwa na habari za moto, mchungaji amekwambia mambo ya kuita wafu yatupwe. Labda chafya ilikuwa yangu kweli, na ukaikana ili upate kitambaa cheupe. Nani ataniambia? Wanawake waliokuwa kwenye moshi ule wote wamekufa. Shahidi mwingine nilikuwa mimi, na nilikuwa nimelala. Kwa hiyo siwezi kusema mimi ni Mitei, na siwezi kusema mimi si Mitei, na kila asubuhi nilikuwa namnyoa mtu kwenye kioo nikiwa sina uhakika nimsalimie nani.

Nilimwendea mchungaji wako. Akasema Mungu ananijua kwa jina. Nikamwuliza, kwa lipi? Akaniangalia, akaomba aongezewe chai.

Kilichoniokoa ni hasira, na sikushukuru kwa hiyo. Mama mmoja wa pale kituoni, mwanamke mpole, alinisalimia kama kawaida yake, "Habari ya leo, Mitei?" Nikapiga meza kwa ngumi hadi majani yake yakamwagika matopeni. Niliyaokota nikimwomba radhi, nimepiga magoti, na nikiwa pale chini nikakumbuka jambo. Katika hadithi zako zote kumhusu Mitei, hakuwahi kukukasirikia. Ulikuwa unajisifia hilo kwa wanawake wenzako: miaka yote ya ndoa, hakukupandishia sauti. Alikupenda mpaka ikawa aibu. Basi huyu aliyejaa hasira nawe hadi anamwaga chai ya watu ni nani? Wewe hukunifundisha hasira hii. Hukunifunga kitambaa ili niizoee. Mitei hakuwa nayo, Baba hakuwa nayo. Haikutoka kwenye kikapu cha mtu mwingine.

Na nikafika mbele kidogo zaidi. Tuseme yote ni uongo, la chafya na la kuikana chafya. Bado ulimdanganya mtu. Huwezi kudanganya kigoda kitupu. Kwenye mapaja yako, chini ya blanketi, alikuwepo mmoja aliyelala ambaye uongo ule ulimwangukia, awe anaitwa nani. Huyo siwezi kumtoa mezani hata nikipekua mpaka lori lije. Nilirudi nyumbani jioni ile nikitembea kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani.

Sasa unaelewa kwa nini sijakusamehe. Shangazi anadhani ni ukaidi. Chelangat anasema, "Wewe unalea hasira kuliko unavyolea mtoto." Hawajui kwamba nikiiachilia sijui kitabaki nini. Umenipokonya kila kitu, Kogo, ukaniachia hiki kimoja cha kunishuhudia kwamba nipo, halafu unataka nikitoe sadaka kwa ajili yako? Sitaki.

Lakini Chelangat ametaja mtoto. Ndiyo, tumepata mtoto wa kike. Alizaliwa siku tisa zilizopita kunapambazuka, kwa hiyo ni Chepkoech, na hilo hakuna wa kulibishia, kila mtu aliona jua.

Nilijua watakachotaka. Kanisani atapewa jina la Biblia, lakini kabla ya kanisa wanawake wana mambo yao. Nilimwita Shangazi Ester kando nikamwambia watakuja, watafanya, sitazuia, lakini jina lako, Taprandich, lisitajwe chini ya paa langu. Wafu wa ukoo ni wengi, wachague. Shangazi aliangalia chini akasema sawa.

Leo asubuhi ndiyo wamefanya. Nilijifanya nakwenda kazini, nikazunguka nyuma, nikasimama penye pipa la maji chini ya mabati. Ni aibu, mwanamume kusikiliza mambo hayo. Nilisimama tu. Hapakuwa na mvua leo, hapakuwa na moshi, jua limeiva. Nilisikia majina saba, moja moja, na baada ya kila jina kimya. Nikasikia mtu akicheka, akisema mtoto huyu ana pua ngumu. Kisha Shangazi, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo, akasema, "Taprandich."

Chafya.

Niliingia. Mwanamume haingii, lakini niliingia, na vigelegele vikakatika katikati. Nikauliza, "Nani amepiga chafya?" Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya Shangazi, macho wazi, anaangalia mabati. Pua yake ilikuwa na unyevu. Ya Shangazi pia. "Mtoto," akasema. Nikamwuliza kama alimwona. "Tulisikia," akasema, akajifuta kwa ncha ya leso, na machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi sijui ugoro unatoa machozi mangapi.

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa nimeshajaza kifua. Ndipo nikaona vidole vyake, vile vidole vifupi vyako, vina rangi ya ugoro, vimeshika ncha ya blanketi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mitano, kila Jumamosi anang'oa magugu juu ya mama yake. Alikuwa anakutaka urudi.

Sikufoka. Nilimchukua mtoto nikatoka naye nje.

Sijakusamehe, usijidanganye. Nimeketi naye hapa penye pipa la maji, namwandikia Kogo wangu barua kwa mkono wa kulia, na mtoto amelala kwenye mkono wa kushoto. Ndani wanaendelea kunong'ona. Kwao umeshafika. Na mimi sijui. Nimemwangalia saa nzima na sijui. Labda ni wewe. Labda ni mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Basi nikuage, na ahadi yangu hii hapa. Kama si wewe, buriani, lala kule juu, na Jumamosi nitakuja kumsaidia Shangazi magugu, kwa ajili yake si kwako. Kama ni wewe, hutaketi kwenye kigoda cha mtu yeyote hapa kwangu. Utakula maboga. Utashika kijiko kwa mkono unaoutaka. Ukivunja kibuyu nitakuchapa wewe, si binamu yako. Nitakubeba mabegani mpaka kituoni watu wote waone. Sitakuita Kogo, wala Mama, wala Taprandich, nitakuita "mtoto wangu", asubuhi na jioni, mpaka uzoee. Na siku utakapoweza kubeba kikapu chako cha kwanza cha majani, siku hiyohiyo, nikiwa bado na meno yangu yote, nitakuketisha nikuambie ninachokijua na nisichokijua: kwamba nilisimama nje ya ukuta, nikasikia chafya, na sikuona pua ya nani.

Mjukuu wako,
Kiprop